Mume wangu anasema yeye ni koleriki, basi nimvumilie

Anti, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Morogoro. Mume wangu ana duka la vifaa vya ujenzi, mimi nashona nguo nyumbani. Ndoa yetu inaingia mwaka wa 12.

Mwaka jana kanisani kwetu kulikuwa na semina ya wanandoa. Mwalimu alitufundisha hulka nne: sangwini (mchangamfu), koleriki (mkali, mwenye kupenda kuamua), melankoli (mwenye kutafakari na kuhuzunika) na flegmatiki (mpole). Tukajaza karatasi ya maswali, tukajumlisha alama. Mume wangu akatoka koleriki, mimi flegmatiki. Anti, mwalimu alipokuwa anasoma sifa za flegmatiki nilishika mdomo. Mpole, anavumilia sana, anatunza mambo moyoni, wakati mwingine anajiona hathaminiwi. Nilihisi kama huyu baba amewahi kuishi kwangu. Tulirudi nyumbani tunacheka, tukaongea mpaka usiku wa manane. Nikajua sasa tumeelewana.

Tangu siku ile, akifoka anasema, "Mimi koleriki, ndivyo Mungu alivyoniumba, si ulisikia semina?" Akiamua jambo bila kuniuliza, ni koleriki. Pesa tuliyoweka kwa ajili ya ukuta wa nyumba aliitoa akanunua bajaji ya biashara. Leo iko uani, injini imekufa. Nikiuliza, naambiwa flegmatiki wanaogopa kila kitu. Sikatai kwamba ana kipaji. Kuna wakati alichukua mzigo mkubwa wa nondo, watu wote wakamshangaa, bei ikapanda, na hela ile ndiyo iliyopaua nyumba hii. Dukani pia kila mtu anamsifu. Juzi fundi mmoja alirudisha mifuko mitatu ya saruji iliyoganda kwa uzembe wake mwenyewe, tena akatoa maneno ya hovyo mbele ya wateja. Baba Baraka akatabasamu, akampoza, akampunguzia bei kwenye mifuko mipya. Jioni hiyohiyo alinifokea mbele ya watoto kwa sababu chai haikuwa na tangawizi.

Wifi yangu naye ameshika wimbo huohuo: "Wewe flegmatiki, mwachie kaka aamue." Mimi nanyamaza. Ni kweli sipendi ugomvi. Hata kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambako mimi ni mweka hazina, kinachonichosha ni kuwadai faini wanaochelewa marejesho, ingawa nawadai na wanatoa.

Kinachoniuma zaidi ni mwanangu Baraka, yuko darasa la nne. Baba yake kamwita melankoli. Mwalimu alimchagua aseme ngonjera siku ya wazazi, mtoto akamjibu, "Mimi ni melankoli, siwezi kusimama mbele za watu." Mwalimu alinipigia simu kuniuliza melankoli ni ugonjwa gani.

Sasa ameleta fomu ya benki. Anataka tuweke hati ya nyumba, tukope, anunue Canter ya kubebea mzigo, na nisaini kabla ya mwisho wa mwezi. Roho yangu haitaki, lakini nikifikiria kumwambia hapana, mikono inatetemeka. Anti, mtu anaweza kubadilika hulka? Au nikubali kwamba niliolewa na koleriki, nivumilie?

Mama Baraka, Morogoro

*

Marahaba, Mama Baraka. Nitaanza na fomu ya benki, kwa sababu mwisho wa mwezi hausubiri.

Usisaini kitu ambacho hujakaa na mumeo mkakipigia hesabu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mume au mke hawezi kuiuza nyumba ya ndoa, kuigawa, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, na ndiyo maana mumeo ameletewa fomu ya wewe kusaini. Ridhaa hiyo ni yako kisheria, uwe na hulka yoyote ile. Ukisema "nipe muda nielewe," hujamdharau mtu. Wala sisemi kwamba Canter ni wazo baya. Mwenye duka la saruji na nondo akiwa na gari lake la kupelekea mzigo anaweza kuvuta wateja wengi. Ninachotaka mkijue wote wawili ni marejesho ya kila mwezi ni shilingi ngapi, duka linaingiza kiasi gani mwezi wa mvua ambao watu hawajengi, na gari likilala gereji mwezi mzima benki italipwa kwa pesa ipi. Akiwa na majibu nawe ukaridhika, saini kwa moyo mweupe. Akiwa hana, hati ibaki kabatini.

Sasa tuje kwenye hizo hulka. Mafundisho mliyopewa ni ya kale sana. Chimbuko lake ni waganga wa Ugiriki wa zama za Hippocrates, karne nne na zaidi kabla ya Kristo, walioamini kwamba mwilini mna majimaji manne: damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na balghamu, na kwamba moja likizidi mengine mtu huugua. Galen, tabibu aliyezaliwa Pergamo mwaka 129, akayaunganisha na tabia za watu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akaiandika elimu hiyo katika tiba ya nchi za Kiislamu, na athari yake ikafika hadi pwani yetu, ambako wazee bado wanakwambia chakula hiki ni cha baridi na kile ni cha moto. Udaktari wa leo umeachana na habari ya majimaji manne. Yaliyobaki ni majina, na majina hayo yalipata nguvu mpya makanisani baada ya mchungaji wa Marekani, Tim LaHaye, kuyaandikia kitabu mwaka 1966.

Hapa ndipo ningependa Baba Baraka asome mwenyewe. Mafundisho ya LaHaye hayakuishia kwenye "ndivyo nilivyoumbwa." Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba kila hulka ina udhaifu wake, na kwamba mwamini amruhusu Roho Mtakatifu aubadilishe udhaifu huo. Anayetoka semina na ruhusa ya kufoka amebeba nusu ya somo, na ile nusu iliyobaki ndiyo yenye kazi.

Umesema sifa za flegmatiki zilikugusa mpaka ukashika mdomo. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 jaribio la tabia, kisha akamrudishia kila mmoja maelezo yake, akawaomba wayape alama kuanzia 0 hadi 5 kulingana na yalivyowafaa. Wastani ulikuwa 4.26. Wasichokijua ni kwamba wote walipewa maneno yaleyale, ambayo Forer aliyachukua kwenye kitabu cha unajimu: kwamba unapenda watu wakupende, kwamba una mazoea ya kujikosoa, na mengine ya namna hiyo. Rudia sasa sifa zako. Nani hajawahi kutunza jambo moyoni? Mwanamke gani mwenye ndoa ya miaka 12 hajawahi hata siku moja kujiona hathaminiwi? Karatasi hizi zinatugusa kwa sababu nyingi zimeandikwa kwa upana wa kumwenea kila mtu. Hata lile jaribio la maofisini lenye aina 16 za watu, lililobuniwa na Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers kutokana na mawazo ya Carl Jung, wengi wakilirudia baada ya wiki chache hutoka aina nyingine.

Watafiti wengi wa siku hizi hawawagawi watu mafungu. Wanapima mambo matano, kila moja kwa kiwango chake: uchangamfu, wema kwa wenzako, umakini wa kazi, wepesi wa kuingiwa na wasiwasi au hasira, na hamu ya mambo mapya. Ni kama kimo: wapo warefu sana na wafupi sana, lakini wengi wetu tuko katikati. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti zetu za tabia inatokana na urithi. Kwa hiyo mumeo akisema amezaliwa na moto, hakudanganyi. Ila tabia husogea. Watu wengi, kadiri wanavyotoka miaka ya 20 kuelekea 40 na kuendelea, huwa watulivu na makini zaidi. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2015 nchini Marekani uliwafuatilia wanafunzi wa chuo waliotaka kujibadilisha kwa wiki 16, ukaona mabadiliko madogo lakini ya kweli, hasa kwa waliojipangia hatua zinazoonekana, kama "nikikasirika nitatoka nje kwanza," kuliko waliosema tu "nataka kuwa mpole." Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako: hulka haing'oki yote, lakini inafundishika, na anayeifundisha ni mwenye nayo.

Kuna ushahidi bora kuliko wa Marekani, na umo ndani ya barua yako. Mtu aliyetukanwa mbele ya wateja kwa saruji ambayo hakuiharibu yeye, akatabasamu na kupunguza bei, ana hatamu ya hasira zake. Anajua kuvuta pumzi. Anajua kuchagua neno. Anafanya hivyo dukani kwa sababu anajua fundi akiondoka na hasira hatarudi, na nyumbani hafanyi kwa sababu anaamini wewe huendi popote. Hulka ni ileile asubuhi na jioni. Kilichobadilika ni anayesimama mbele yake. Mwambie hivyo kwa sauti ya kawaida, siku ambayo hamjagombana: "Baba Baraka, nilikuona ulivyomtuliza yule fundi. Na mimi naitaka subira ile."

Ushahidi wa pili unakuhusu wewe, mwanangu, na usikasirike nikikuambia. Unawadai faini wanawake wenzako na wanatoa. Mtu asiyeweza kusema hapana hapewi kushika pesa za kikundi. Lakini nyumbani nawe umejifunika jina lako kama mumeo alivyojifunika lake. Ya ukuta ulinyamaza. Ya bajaji ulinyamaza. Mumeo akihesabu, ukimya wako kwake ni ndiyo, na sasa ndiyo hizo zimefika kwenye hati ya nyumba.

Pamoja na hayo, semina usiitupe. Iliwapa usiku wa kuongea na kucheka, na wapo wanandoa ambao hawajaupata usiku huo. Maswali yake ni mazuri: mwenzangu ana nguvu gani, anakwama wapi, na ni nini kinachomsukuma. La tatu ndilo linalosahaulika, na mimi naona ndilo lenye faida.

Mtu wa namna ya mumeo anasukumwa na matokeo. Anataka kuona kitu kimesimama: duka, paa, gari. Nguvu iliyonunua nondo ndiyo hiyohiyo iliyonunua bajaji. Biashara ya nondo aliijua. Ya bajaji hakuijua, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza swali la pili kabla pesa haijatoka. Wengi wa namna yake wanaogopa jambo moja, kuonekana wameshindwa, na zaidi mbele ya mke. Ukimuuliza "bajaji imefikia wapi?" anachosikia ni "umefeli," ndipo anapandisha sauti kabla hujamaliza. Chunguza siku anazofoka: je, ni zile ambazo duka halikuuza? Ukiona hivyo, utajua kwamba unagombezwa kwa jambo ambalo si tangawizi. Kujua hivyo hakumhalalishii kukufokea. Kunakusaidia kujua uingie kwa mlango upi.

Wewe unasukumwa na amani. Nguvu yako ni kubwa: watoto wana pa kukimbilia, wanawake wenzako wanakuamini na akiba zao, na nina hakika hata mumeo anarudi nyumbani kwa sababu kuna mtu aliyetulia. Unapokwama ni kwamba amani unainunua kwa kunyamaza, halafu kinyongo kinabaki kwako peke yako. Nyumba yenye mtu wa kukimbiza mambo na mtu wa kuuliza "tumepiga hesabu?" ina bahati, mradi wa pili afungue mdomo mapema.

Kuhusu namna ya kuzungumza. John Gottman, aliyechunguza wanandoa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, aligundua kwamba takriban asilimia 69 ya migogoro ya wanandoa haimaliziki kabisa, kwa sababu inatokana na tofauti za kudumu kati ya watu wawili. Wanaoishi vizuri nao wanayo; wamejifunza kuyazungumzia bila kudharauliana. Aliona pia kwamba mazungumzo yakianza kwa ukali kwa kawaida huishia kwa ukali. Usianze basi na bajaji. Anza na anachokitaka: "Nataka duka likue, na nataka nielewe mkopo huu ili nikisaini nisaini kwa amani. Jumamosi watoto wakilala, tukae na daftari." Mwenye haraka hupenda jambo likiwa na siku na saa. Usimvizie akiwa na njaa au akitoka kufunga hesabu mbaya. Mikono ikitetemeka, andika maswali yako kwenye karatasi uyasome, kama unavyosoma majina ya wanaodaiwa kikundini.

Akianza kupandisha sauti, usimjibu wala usiondoke kimyakimya. Mwambie, "Tupumzike, baada ya nusu saa tunarudi." Gottman alipima mapigo ya moyo ya wanandoa wakigombana, yakizidi 100 kwa dakika mtu huwa hasikii tena anachoambiwa, na mwili unahitaji angalau dakika 20 kutulia. Sharti ni kurudi kweli, na hapo nakuangalia wewe zaidi kuliko yeye.

Akikataa kukaa, waite wasimamizi wenu wa ndoa, au umfuate yule mwalimu wa semina umweleze somo lake linavyotumika nyumbani kwako. Mumeo alimwamini mpaka akajibandika jina, basi na amsikilize tena. Wifi usigombane naye. Akikuambia mwachie kaka aamue, mjibu kwa heshima kwamba wewe na kaka yake mtaamua pamoja.

Hujaandika kwamba anakupiga au anakutishia. Kama yapo uliyoyaficha, ushauri huu wote wa kukaa na daftari uweke pembeni. Kipigo hakihusiani na hulka. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi au kwa afisa ustawi wa jamii, na usiende peke yako.

Sasa Baraka. Hili nalitaka haraka kuliko yote ya mapenzi na mazungumzo. Mtoto wa darasa la nne bado anajengeka, na jina analopewa na baba yake analiamini kuliko la mwalimu yeyote. Anaweza kweli kuwa mtoto wa kutafakari, anayependa jambo liwe sahihi kabla halijatoka mdomoni. Hiyo ni nguvu: watoto wa hivyo hushika ubeti wote bila kuruka neno. Wanachohitaji ni muda wa kujiandaa na kuanza na watu wachache. Mwambie wazi kwamba melankoli ni neno la semina ya watu wazima, kwamba halihusiani na anachoweza kufanya. Na mdogo wake naye asije akapewa lake, hata kama ni sangwini linalosikika la kuchekesha. Mtoto aliyezoea kuitwa mchangamfu hushindwa kusema siku ana huzuni.

Kisha mpe ngonjera aisome kwanza mbele yako ukiwa kwenye cherehani, halafu mbele ya mdogo wake, halafu jioni mbele ya baba yake. Baba ndiye ashike karatasi na kumkumbusha anaposahau. Naamini atakubali, kwa sababu ni kazi yenye mwisho unaoonekana, na yeye anazipenda kazi za hivyo. Mwalimu mpigie kesho umwombe nafasi ya Baraka, kabla hajampa mtoto mwingine.